Bampa Lililopauka: Mwongozo kwa Wapaka Mafuta

Kwanza kabisa, rudisha mafuta ya alizeti jikoni. Yalinunuliwa kwa ajili ya maandazi, na maandazi yanayasubiri. Wewe mwenye kopo la kiwi cheusi, lifunike. Viatu vya shule vya Jumatatu vinalihitaji kuliko bampa. Oili chafu irudi gereji ilikotoka. Mafuta ya mtoto arudishiwe mtoto. Tukishamaliza kurudisha mali kwa wenyewe ndipo tuanze kazi, maana kurudisha weusi wa plastiki za gari huanza kwa kuondoa vitu, na karibu kila mtu ninayemwona akihangaika na kazi hii anaianza kwa kuongeza.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu napenda gari kuukuu lililotunzwa. Mtaani Dar es Salaam bado ziko RAV4 nyingi za zile tunazoziita old model, zilizotoka kiwandani kati ya 1994 na 2000, na rangi zao bado zinapendeza. Mwenyewe kaiosha, kaipiga polishi, kioo kinang'aa, halafu bampa na zile plastiki zinazozunguka matairi zimekuwa za kijivu chenye mabaka, utadhani zimetolewa gari lingine. Mtu huyo hana uvivu. Analipenda gari lake, ila amepewa ushauri mbovu na kila aliyepita karibu na ndoo yake ya maji. Mwongozo huu ni wake.

Jua limefanya nini

Fungua kipande kimoja cha plastiki kisichoshikwa sana, kwa mfano kile kirefu kilicho chini ya kioo cha mbele, mahali waipa zinapolala. Mara nyingi kinashikwa na vibanio. Kigeuze. Kwenye gari nyingi utakuta herufi ndogo zimechongwa kwenye plastiki yenyewe, kitu kama PP+EPDM-TD20. PP ni polipropilini, ndiyo plastiki kuu. EPDM ni aina ya mpira, jamii ya ile mipira ya kwenye milango, umechanganywa humo ili bampa lipinde kidogo likigongwa badala ya kukatika. Na TD20 maana yake ni kwamba asilimia 20 ya uzito wa kipande hicho ni unga wa taliki, lile jiwe laini jeupe ambalo likisagwa vizuri linawekwa kwenye makopo ya pauda. Hapo pasome mara ya pili: moja ya tano ya plastiki yako nyeusi ni unga mweupe.

Weusi wenyewe unatokana na masizi ya kiwandani, yanayopatikana kwa kuchoma mafuta mazito katika hewa isiyotosha. Masizi hayo ndiyo yanayofanya matairi yawe meusi. Ndiyo pia yaliyomo kwenye matenki meusi ya maji yaliyokaa juu ya mapaa yetu miaka na miaka, kwa sababu hakuna kitu cha bei nafuu kinachoimeza mionzi ya jua vizuri kama masizi. Masizi hayapauki. Jua na liwake litakavyo, yatabaki meusi.

Kinachokufa ni plastiki iliyoyashika. Polipropilini ni minyororo mirefu sana ya kaboni, na kwenye kila kiungo cha pili cha mnyororo kuna hidrojeni iliyoshikwa kwa ulegevu. Mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, ikisaidiana na oksijeni ya hewani, huing'oa hidrojeni hiyo, mnyororo unakatika, na kukatika kwa mmoja kunachochea kukatika kwa wa jirani. Kiwanda huweka dawa ya kupunguza kasi ya uharibifu huo, lakini dawa hiyo nayo ina mwisho wake. Ikiisha, uso wa plastiki unapata nyufa ndogo zisizoonekana, unaanza kumomonyoka, na ule unga wa taliki unabaki wazi. Pitisha kidole kwenye bampa lililopauka sana, kisha kitazame kidole. Ule weupe uliokung'ang'ania ni bampa.

Kwa hiyo kijivu unachokiona ni mwanga unaotawanyika kwenye uso uliochakaa, na uchakavu wenyewe hauzidi sehemu ndogo ya milimita. Ukitaka ushahidi, tafuta pembe ya ndani isiyoonekana, ikwangue kidogo kwa wembe. Chini ya vumbi hilo la kijivu utakuta weusi wa siku gari lilipotoka kiwandani, uko palepale, haujaenda popote. Hili ndilo jambo moja ambalo ningetaka kila mwenye gari alijue kabla hajafungua kopo lolote: bampa lako halijapoteza rangi, limepoteza ngozi.

Sasa mwagia maji. Weusi unarudi hapohapo mbele ya macho yako, kwa sababu maji yameingia kwenye zile nyufa na mwanga hautawanyiki tena. Maji yakikauka, kijivu kinarudi. Mafuta ya alizeti yanafanya kazi ileile ya maji, tofauti ni kwamba yanachelewa kuondoka. Mguu uliopauka ukiupaka mafuta unapona, kwa kuwa ngozi iko hai na chini yake kuna damu inayojenga ngozi nyingine. Bampa halina damu, na kesho yake litakuwa limepauka vilevile, na mafuta juu.

Kuhusu jua lenyewe, tunaoishi huku hatuna pa kukimbilia. Dar es Salaam jua linapita juu ya utosi kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, na kwenye kipimo cha mionzi kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani, ambacho 11 tayari ni hatari ya juu kabisa, mchana wetu huipita hiyo 11 mara kwa mara. Watu wa Nairobi hudanganywa na baridi. Mji wao uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Mwenye gari wa Nairobi anavaa sweta huku plastiki zake zinaungua.

Usiichukie plastiki lakini. Zamani bampa lilikuwa chuma kilichopakwa kromi, likigongwa linabonyea, likiloweshwa na maji ya chumvi linaota kutu. Giulio Natta, mkemia wa Italia, alifanikiwa kuitengeneza polipropilini ngumu mwaka 1954, na mwaka 1963 yeye na Karl Ziegler wa Ujerumani wakapewa Tuzo ya Nobel. Renault 5 ya mwaka 1972 ilikuwa miongoni mwa gari za mwanzo kuvaa bampa za plastiki, na Fiat Panda ya 1980 ikaingia barabarani na za kwake zisizopakwa rangi. Plastiki isiyopakwa rangi ina adabu kubwa: ukikwaruza ukuta wa geti, mkwaruzo ni mweusi juu ya mweusi. Hiace za kazi zinakuja na bampa hizo kwa sababu hiyohiyo. Kinachotakiwa kwetu ni kuitunza tu.

Kesi dhidi ya kopo la mafuta

Ukifika mahali pa kuoshea magari utasikia haya:

"Bosi, nikupigie dawa ya plastiki?"

"Dawa gani, mdogo wangu?"

"Hii ya matairi, bosi. Inang'arisha kila kitu, utapenda mwenyewe."

Atakuwa amesema kweli. Inang'arisha kila kitu, na ubaya wake uko hapo. Dawa nyingi za matairi ni silikoni laini isiyokauka. Ikipakwa kwenye ile plastiki ya chini ya waipa, mvua ya kwanza itaiosha, waipa zitaipandisha, na kioo cha mbele kitapata utando wa mafuta. Endesha na kioo hicho usiku wa masika kwenye barabara ya Bagamoyo, taa za lori linalokuja zikitapakaa kioo kizima, ndipo utajua kama ule mng'ao ulikuwa na faida. Mimi siwezi kulichukulia hilo kama dogo. Mkatalie kijana kwa upole, mlipe hela yake ya kuosha, na kopo alirudishe kwenye matairi. Na huko kwenye matairi akae mbali na diski za breki.

Oili chafu, dizeli na petroli ni mbaya zaidi ya dawa ya matairi. Kumbuka zile herufi, EPDM. Mpira wa aina hiyo unanywa mafuta ya petroli, unavimba na kulegea. Unapolisugua bampa kwa oili unaulisha mpira uliomo ndani yake kitu kinachouharibu, na ukigusa mipira ya milango unaiharibu nayo. Mikono yako pia haistahili oili iliyokwisha kutumika. Ina masalia yanayodhuru ngozi. Mafuta ya kula hayana ubaya wa kiasi hicho, lakini yanashika vumbi, na vumbi la Dar ni jingi. Baada ya wiki unakuwa na bampa lenye tope jembamba linalonata, na bado limepauka.

Kiwi cheusi kina wafuasi waaminifu, na siwezi kusema uongo: kwa saa chache kinapendeza. Ni nta na rangi. Nta hiyo mvua inaiondoa kidogokidogo, rangi inatiririka kwenye bodi, na gari jeupe linapata machozi meusi chini ya vioo vya pembeni. Mwenye gari jeupe na asubiri mvua moja tu.

Na ile rangi ya kupuliza ya kopo? Polipropilini haishikwi na rangi kirahisi. Uso wake hauikaribishi, rangi inakaa juu kama mgeni asiyefunguliwa mlango. Viwandani, bampa litakalopakwa rangi hupitishwa kwanza kwenye ndimi za moto kwa muda mfupi sana au kupakwa praima maalumu ya plastiki ili rangi ipate pa kushika. Ukipuliza bila hivyo, baada ya miezi rangi inaanza kuinuka kwenye kingo, unaivuta kwa ukucha inatoka kipande kizima. Kuitoa yote ni kazi kubwa kuliko kupauka kulikokuwepo. Kama umeamua kupuliza, nunua praima ya plastiki kwanza. Kama hukuipata, usipulize.

Ukienda kununua gari

Hapa naomba usome polepole, kwa kuwa hela nyingi hupotea kwenye yadi kwa ajili ya chupa ndogo ya silikoni. Gari likiwa limekaa juani yadini miezi kadhaa, plastiki zake zinapauka, na asubuhi ya mteja zinapakwa. Mteja anaona bampa jeusi linalong'aa anasema gari bado bichi.

Nenda na kitambaa cheupe mfukoni. Kipitishe kwenye bampa kwa nguvu ya kawaida. Kikitoka na weusi wa mafuta, umeshajua. Kisha chungulia mahali mpakaji huwa anapasahau: chini ya vishikio vya milango, nyuma ya vioo vya pembeni, pembe za mwisho za ile plastiki ya waipa, na ndani ya mifereji ya keria ya juu. Huko ndiko kijivu hubaki. Tazama pia mipaka ambapo plastiki inakutana na bodi; aliyepaka haraka huacha mstari wa mafuta kwenye rangi.

Plastiki iliyopauka si sababu ya kuliacha gari. Kenya hawaruhusu gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza kuingizwa nchini, na gari la miaka 7 lina haki ya kuwa na mvi kidogo. Ninachokasirikia ni kufichwa. Muuzaji aliyepaka bampa asubuhi ya leo, muulize kwa heshima amefanya nini kingine asubuhi ya leo.

Kuvua kabla ya kuvalisha

Kazi yenyewe ianze asubuhi mapema au chini ya kivuli cha kweli. Weka kiganja kwenye plastiki. Kama ni ya moto, subiri. Dawa ikipakwa kwenye plastiki ya moto inakauka kabla hujaisambaza na kuacha mabaka ambayo utayaangalia kila siku.

Osha kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Shampuu nzuri ya gari imetengenezwa isiondoe nta, na sisi tunataka nta, silikoni, alizeti na dhambi nyingine zote za miaka iliyopita ziondoke. Chukua brashi laini ya nailoni, na kwa pembe mswaki uliostaafu. Plastiki hizi zina vipele vidogo vilivyotengenezwa kwa makusudi, na uchafu unakaa kwenye mabonde kati ya kipele na kipele, mahali kitambaa hakifiki. Sugua kwa duara, halafu kwa kukatisha, halafu suuza. Tazama povu. Povu la kwanza litatoka la kahawia au jeusi. Rudia mpaka litoke jeupe. Wengi huishia povu la kwanza, na ndiyo maana dawa ya bei mbaya inawabandukia baada ya mwezi, kisha wanailaumu dawa.

Mabaka meupe yaliyoganda kwenye vipele, hasa karibu na mahali ulipopiga polishi, mara nyingi ni polishi yenyewe iliyokauka. Hapo ndipo siagi ya karanga inapoingia, na namaanisha hiyohiyo ya kupaka mkate. Mafuta yake yanalainisha nta, na ukisugua kwa mswaki inainuka. Inafanya kazi kweli. Ila kifutio cheupe cha penseli kinafanya kazi hiyohiyo bila harufu: sugua kama unafuta hesabu, nta inatoka kwenye vijiuzi vya kifutio. Ukichagua karanga, osha tena kwa sabuni mpaka harufu iishe, vinginevyo sisimizi watalifuata gari.

Kausha. Kisha acha likae kwenye hewa, kwa sababu maji hujificha kwenye vipele na nyuma ya vibanio hata taulo likisema limemaliza. Ukiwa na blowa, ipitishe kwenye mipaka yote. Mwisho futa kwa spiriti ili kuondoa mafuta ya mwisho. Chagua spiriti yako vizuri: zile za kusafishia vidonda, baadhi huwekwa mafuta ya nyonyo, na sanitaiza ya jeli ina gliserini. Dondosha tone kwenye kioo safi, liache likauke. Likiacha utando, hiyo si ya kazi hii. Likiondoka bila alama, endelea.

Ukifika hapo, plastiki itakuwa imepauka kuliko ulipoanza. Usitishike. Huo ndio uso wake halisi, na ni mara ya kwanza mnaonana.

Moto, au dawa

Ziko njia mbili za kweli za kurudisha weusi, na zote mbili zinatibu uso.

Ya kwanza ni hewa moto. Ile mashine wanayotumia mafundi wa kubandika tinti, ukiipitisha juu ya plastiki iliyopauka, utaona jambo la kukufanya uite majirani: kijivu kinageuka cheusi nyuma ya mkono wako, mstari kwa mstari. Uso wa juu umelainika, nyufa zimefungana, mwanga hautawanyiki tena. Hakuna kilichoongezwa. Lakini polipropilini huyeyuka karibu nyuzi 160 za Selsiasi, na mashine hiyo inaweza kutoa hewa ya zaidi ya nyuzi 500. Kwa hiyo mkono usisimame hata mara moja. Anza mbali, sogea taratibu mpaka uone weusi unaanza, na ubaki umbali huo, ukienda na kurudi. Ukizidisha, vipele vinayeyuka na kupata kidonda laini kinachong'aa ambacho hakuna dawa ya kukirudisha. Ukizidisha zaidi, bampa linapinda. Usiipeleke karibu na kioo, rangi ya bodi, taa wala mipira ya milango. Zile nguzo nyeusi zinazong'aa kati ya milango mara nyingi ni rangi au karatasi iliyobandikwa, huko moto usiende kabisa. Jaribu kwanza kwenye kipande cha chini kisichoonekana.

Na ujue kwamba kilichoyeyushwa hakijaongezewa dawa ya kuzuia jua. Kikiachwa uchi kitapauka tena baada ya miezi, na huwezi kukichoma kila mwaka, kwani kila mara unapoteza ngozi nyingine. Mimi huushauri moto kwa plastiki iliyochoka sana, mara moja, kisha ifuate dawa.

Njia ya pili ni dawa inayokauka na kubaki. Solution Finish, kwa mfano, ina rangi nyeusi ndani yake na inaingia kwenye zile nyufa. Cerakote Trim Coat inakuja kama vitambaa vilivyoloweshwa, na inaacha utando mgumu wa jamii ya seramiki. Kama hizo hazipo Kariakoo siku uliyokwenda, soma kibandiko cha iliyopo. Kikijisifu kwa mng'ao peke yake, iache rafuni. Kikisema inakauka, haifutiki kwa maji na inazuia UV, hapo mnaweza kuzungumza. Shika chupa uitikise, nyingi hujitenga.

Bandika selotepu ya karatasi kwenye mpaka wote wa rangi ya bodi, ukiibonyeza kwa ukucha ili dawa isipite chini. Vaa glavu, maana dawa yenye rangi inakaa vidoleni kuliko wino wa uchaguzi. Dondosha matone machache kwenye kipande cha sponji, si kwenye bampa. Paka eneo dogo, kama ukubwa wa daftari, ukizungusha ili iingie kwenye mabonde ya vipele, halafu malizia kwa mistari mirefu iliyonyooka. Ikigusa bodi, futa papo hapo. Dakika chache baadaye pitisha kitambaa safi cha maikrofaiba kuondoa iliyobaki juu. Mwenye haraka huruka hatua hiyo, na dawa iliyobaki inakauka ikiwa na michirizi. Mkono mmoja mwembamba, na wa pili kama kibandiko kinaruhusu, ni bora kuliko mmoja mzito.

Nyingi zinataka siku nzima bila maji. Angalia mawingu kabla hujafungua chupa. Umande wa alfajiri nao ni maji. Gari lilale ndani au chini ya turubai ambalo haligusi plastiki.

Ipo plastiki isiyotibika. Ikiwa nyufa zinaonekana kwa macho, au ukibonyeza ukingo unasikia unakatika, ngozi yote imekwisha na nyama imeanza kuoza. Ukiwa Dar nenda Gerezani, au ukiwa Nairobi nenda Kirinyaga Road, ukatafute kipande kingine. Usikimbilie kilichoning'inizwa nje mbele ya duka tangu mwaka jana. Omba kilichoko ndani, gizani, na ukigeuze usome herufi zake.

Ukishamaliza, osha kwa shampuu laini ya gari na uachane na Omo, ambayo ni kali mno. Kila baada ya wiki kadhaa mwagia maji na uangalie: yakikimbia kama matone, dawa bado iko, yakitandaa na kulowesha plastiki, jiandae kupaka tena. Na kama unaegesha mahali pamoja kila siku, kazini kwa mfano, pua ya gari ikitazama upande uleule tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, jua la mchana linachoma upande mmoja kuliko mwingine. Wiki hii ingia kwa mbele, wiki ijayo ingia kwa rivasi. Askari wa getini atakuuliza kuna nini. Mwambie ni zamu ya bampa la nyuma kukaa kivulini.